Mmbea wa Pampu ya Kahe

Sakafu ya nyumba ya pampu ilikuwa safi kuliko meza za kulia za watu wengi. Aliyeitunza ni Leodegar. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pampu, alichota maji kwa ndoo. Alinyunyiza sakafu yote, akafagia, kisha akanyunyiza tena. Mama yake alimfundisha hivyo kwao Mkuu, Rombo. Mtu mstaarabu hafagii pakavu akawarushia wenzake vumbi. Na Kahe, kwa vumbi, haina mchezo. Ukianika shati jeupe asubuhi, mchana unaanua la kahawia.

Wakulima walimtania. Walimwita Mangi, kama watu wanavyomwita Mchaga yeyote waliyemzoea. Walimuuliza kama wavue viatu mlangoni au wapitie dirishani. Leodegar alicheka tu, akaendelea kunyunyiza.

Pampu yenyewe ilikuwa kubwa, ya umeme. Ilivuta maji mtoni na kuyasukuma kwenye mifereji ya kikundi cha wakulima. Mahindi, vitunguu na nyanya vilisubiri maji hayo. Leodegar alikuwa ndiye mwendesha pampu. Alilala kwenye chumba cha ubavuni mwa pampu. Alipika ugali wake, akala peke yake.

Kwao Mkuu, kihamba cha baba yake, yaani shamba la ukoo, kiligawanywa kwa ndugu wengi. Kipande chake kilikuwa na migomba na mibuni michache, basi. Kisingeweza kulisha familia. Ndiyo maana alishuka tambarare kutafuta kazi. Mkewe Dominika na binti yao Monica walibaki kule juu.

Kazi ilikuwa nzuri, ila moyo wake haukuwa Kahe. Siku ambazo mawingu yalikubali kusogea, alisimama mlangoni na kikombe cha chai akautazama mlima. Kilele cha Mawenzi kilikuwa upande wa kulia. Nyumba yake ilikuwa huko, kwenye mteremko wa chini. Alijua kwamba saa hiyo Dominika anapuliza moto. Ukungu umelalia migomba. Monica hataki kunawa uso kwa sababu maji ni ya baridi. Leodegar aliitamani hata hiyo baridi. Aliutamani mtori wa mkewe mpaka akawa anameza mate peke yake kama mtu mwenye homa. Mlima aliuona kila siku, na kuufikia hakuweza.

Aliyemzuia ni Mmbea.

Mmbea hakuwa mtu. Chini ya pampu, pale inapoingia shafti, chuma kinachozungushwa na mota, palikuwa na trei ya chuma. Ndani ya trei kulifungwa kifaa kidogo cha plastiki chenye pini mbili za chuma. Mafundi hukiita sensa ya uvujaji. Kazi yake ni moja. Pampu ikivuja, maji huangukia kwenye trei. Yakigusa pini zote mbili, sensa hupeleka habari kwenye kabati la umeme ukutani. Hapo taa nyekundu huwaka, honi hulia, na pampu hujizima yenyewe. Wakulima walisema kitu kisichoweza kukaa na siri namna hiyo ni mmbea. Jina likashika.

Kwa miezi kadhaa Mmbea alikuwa amechanganyikiwa. Alilia asubuhi na umande, akalia tena mchana. Leodegar alikimbia na kuchungulia. Aliona unyevu kidogo, ule wa maji yake ya kufagilia. Alifuta kwa kitambaa, akabonyeza kitufe, pampu ikawaka. Punde si punde, honi tena. Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Fikirini, alijua kuwasha na kuzima pampu, hayo tu. Honi ikilia, alisimama nje na kuita, "Mangi, mtoto wako analia."

Kwa hiyo Leodegar hakuweza kwenda popote. Krismasi ilifika. Wachaga wa Dar es Salaam, wa Mwanza na wa Mbeya, wote walipanda kwao kama ilivyo desturi. Yeye alibaki Kahe na honi, na kwao pako pale pale anapaona. Pasaka ikawa hivyo hivyo.

Sasa ilikuwa Juni. Jumapili ya Ekaristi, Monica angepokea Komunyo ya Kwanza. Alimpigia baba yake simu.

"Baba, utakuja?"

"Nitakuja."

"Krismasi pia ulisema utakuja."

Dominika aliichukua simu. Alimweleza kwamba gauni jeupe limeshashonwa na mtoto amelijaribu mara nyingi mpaka amegombezwa. Halafu akashusha sauti. "Baba Monica, kama huwezi, sema mapema. Mtoto asikae anaangalia barabara."

Maneno hayo yalimkaa kifuani. Alijiapiza kwamba safari hii atakwenda, liwalo na liwe.

Alhamisi, honi ilipolia kwa mara nyingine, uvumilivu ulimwishia. Alichukua bisibisi. Alichomoa waya mmoja wa sensa na kuuzungushia utepe mweusi. Kisha akawasha pampu. Mmbea akawa kimya. Pampu ilinguruma mchana kutwa bila kusimama hata mara moja.

Mzee Fikirini alishangaa. Aliuliza Mmbea amepewa dawa gani. Leodegar alijibu kwamba amepumzika, bila kumtazama mzee machoni. Papo hapo akaomba ruhusa ya kwenda kwao kuanzia Jumamosi. Mzee alikubali kwa furaha. Leodegar alikwenda kufungasha begi lake huku akiimba.

Lakini Mzee Fikirini hakuwa mtu wa kujiachia. Aliiogopa ile mashine. Hakutaka kubaki nayo peke yake kabla fundi hajaitazama. Bila kumwambia mtu, alimpigia simu fundi Shani wa Majengo, Moshi mjini.

Shani alifika Ijumaa asubuhi kwa pikipiki yake, Leodegar akiwa ndiyo kwanza amefagia na kufuta trei. Alikuwa amevaa ovaroli na viatu vizito, na ushungi umefungwa vizuri. Baba yake alikuwa fundi wa mota pale Majengo, na Shani alikulia katikati ya nyaya za shaba. Alimwamkia mzee shikamoo. Akamsalimia Leodegar, akamuuliza habari za kazi. Kisha akasimama akaisikiliza pampu.

"Na sensa ya uvujaji inaendeleaje, kaka?" aliuliza.

Leodegar alisema haijambo.

Shani hakubisha. Alichukua chupa yake ya maji ya kunywa, akachuchumaa, akamimina kidogo kwenye trei mpaka pini zikafunikwa. Wote watatu walingoja. Pampu iliendelea kunguruma. Taa nyekundu haikuwaka.

"Hapa ilitakiwa ilie," alisema Shani.

Leodegar aliona hakuna maana ya kuficha. "Nimechomoa waya, fundi. Ilikuwa inanisumbua mno. Nilitaka niende nyumbani."

Shani aliuliza nyumbani ni wapi na kuna nini huko. Leodegar alimweleza yote: Krismasi, Pasaka, gauni jeupe na barabara. Shani alikaa juu ya sanduku lake la vifaa akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa," alisema. "Hata mimi nina mtoto. Lakini angalia. Sensa inalia na wewe huoni maji ya maana. Basi kuna mawili. Ama inasema uongo, ama inasema kweli na wewe ndiye huoni. Ukichomoa waya, hujui ni lipi kati ya hayo. Umeziba masikio yako tu."

Mzee aliuliza kwani maji kidogo yana ubaya gani kwenye pampu ya maji.

Shani alimwonyesha kwa kidole. Pale shafti inapoingia kwenye pampu kuna sili, kifaa kinachozuia maji yasitoke. Sili ikichoka, maji hutoka tone moja moja. Yakiachwa, huanza kuruka. Hulowesha beringi zinazoishikilia shafti, kisha huifikia mota. Mota ikiungua, kikundi kizima hakina maji, na mazao hayajui kusubiri.

"Hilo ni la mali," aliendelea. "La mtu ni baya zaidi. Sakafu imelowa, umeme upo, mtu anaingia miguu mitupu. Huyo tunamzika."

Leodegar alitazama miguu yake. Alikuwa amevaa kandambili, nazo zilikuwa zimelowa chepechepe.

Shani alianza kazi. Aliizima pampu, kisha akazima swichi kuu. Akaifunga swichi kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Akatundika kibao chenye maandishi makubwa: USIWASHE, WATU WAKO KAZINI. Mzee Fikirini alisema hapana haja ya kufuli, kwani wote wako hapo hapo. Nani atawasha?

"Mwenye nyanya zake," alisema Shani, akiangalia mlangoni.

Mlangoni alikuwa amesimama Maulida, mkulima wa shamba la karibu. Nyanya zake zilikuwa zimechanua. Maji yalipokatika alikuja mbio kuuliza, na kweli mkono wake ulikuwa umeshanyooka kuelekea kwenye swichi. Aliurudisha, akacheka kwa aibu.

Shani alitoa kipimo cha umeme na kuhakikisha kwamba ndani ya kabati hamna umeme. Alieleza kwamba swichi inaweza kuonekana imezimwa na umeme ukawa bado upo. Fundi anapima, habahatishi. Kisha alizipiga picha nyaya kwa simu ili ajue kila mmoja ulikaa wapi, hata ule uliochomolewa. Baada ya hapo ndipo alipoifungua sensa na kumtilia Leodegar kiganjani.

Kati ya zile pini mbili palikuwa na ukoko mweupe, mgumu.

"Hii ni nini?" aliuliza Shani.

"Magadi," alisema Leodegar. "Maji ya huku yakikauka yanaacha weupe."

"Na yamefikaje hapo kila siku?"

Leodegar alifikiri. Macho yake yakaenda kwenye ndoo na ufagio. Wote waliyafuata macho yake.

Shani alieleza taratibu. Kila asubuhi maji ya kufagilia yalirukia kwenye trei. Yalipokauka yaliacha magadi kidogo. Siku baada ya siku magadi yalijenga daraja kati ya pini mbili. Umande wa asubuhi ulipolilowesha daraja hilo, umeme ulipita, na sensa ikadhani kuna mafuriko. Alisema si kosa kupenda usafi. Kosa ni kumwaga maji karibu na mashine ya umeme.

Kisha alichukua mita ya kupimia nyaya. Aligusisha ncha zake kwenye nyaya za sensa, sensa ikiwa kavu. Sensa kavu haitakiwi kupitisha umeme, alisema. Mita ilionyesha kwamba unapita. Aliusugua ukoko kwa mswaki wa zamani na maji safi, akafuta, akaianika juani. Walikunywa chai wakiisubiri. Alipopima tena, umeme bado ulipita. Walichunguza pamoja. Pini moja ilikuwa imeliwa. Ganda la waya lilikuwa limepasuka, na maji yalikuwa yameingia ndani.

"Hii imekwisha. Haisafishiki tena," alisema Shani. "Nitaleta nyingine kesho asubuhi. Lazima iwe ya aina hii hii. Si kila chenye pini mbili kinaelewana na kabati hili."

Mzee Fikirini aliamua pampu ilale mpaka kesho. Maulida aliondoka kwa shingo upande. Leodegar alipiga hesabu za safari kichwani. Himo, Mwika, Mkuu. Kazi ikiisha asubuhi, jioni atakuwa nyumbani. Usingizi wa siku hiyo ulikuwa mzito.

Jumamosi Shani alirudi na sensa mpya. Safari hii alitaka Leodegar afanye kwa mikono yake na yeye amwangalie. Leodegar alizima, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni mwake. Alipima kama umeme upo. Aliifunga sensa kwenye trei, pini zikiwa karibu na sehemu ya chini bila kugusa chuma. Waya aliupitisha juu ukutani, mbali na miguu ya watu. Aliiunga kwa kufuata ile picha. Alipima sensa ikiwa kavu, na umeme haukupita. Hapo walifungua kufuli, wakaondoa kibao na kuwasha pampu. Shani akampa kikombe cha maji safi.

Leodegar alimimina. Honi ililia, taa nyekundu ikawaka, pampu ikasimama. Alifuta pini mpaka zikakauka, akabonyeza kitufe, taa ikazimika. Pampu ikawaka tena.

"Hayo yote matatu lazima uyaone," alisema Shani. "Honi, taa, na pampu kusimama. Moja likikosekana, bado hujamaliza."

Leodegar alinawa mikono, akavaa shati safi, akachukua begi. Aliwaaga. Alikuwa ameufikia mfereji wa kwanza aliposikia honi.

Alisimama. Alitamani awe kiziwi. Alitamani aendelee kutembea kana kwamba hakusikia, na miguu yake ilipiga hatua mbili za kwenda mbele. Kisha alirudi.

Pampu ilikuwa imesimama. Sakafu ilikuwa kavu kabisa, kwa sababu siku hiyo hakuna aliyenyunyiza. Lakini ndani ya trei mlikuwa na maji. Leodegar alichuchumaa akatazama juu, penye shafti. Tone lilikuwa linaning'inia. Likaanguka, na jingine likaanza kujikusanya.

Hapo akaelewa. Pengine pampu ilikuwa inavuja siku nyingi. Maji ya uvujaji yalichanganyika na maji ya ufagio wake, yeye akayafuta pamoja na kuulaumu ufagio. Sensa ya zamani ilisema uongo mara nyingi mpaka iliposema kweli hakuna aliyeijali.

"Fundi," alisema polepole, "hii inasema kweli."

Shani alitazama, akathibitisha. Sili ilikuwa imechoka. Alijua duka la mjini la kuipata siku hiyo hiyo. Lakini kuibadilisha kulihitaji kuivuta mota nyuma, na hiyo ni kazi ya watu wawili wenye nguvu na wanaoijua mashine. Mzee Fikirini alikuwa na mgongo mbovu. Shani alisema kesho atatafuta kibarua wa ufundi mjini, ingawa Jumapili hawapatikani kirahisi, Leodegar aende zake. Mzee naye alimwambia aende.

Leodegar alibaki amesimama na begi mkononi. Maulida alikuwa mlangoni. Nyuma yake walikuwa wakulima wengine. Nyanya zao zilikuwa zimekosa maji tangu jana. Aliona wanachokitazama. Walikuwa wanautazama waya wa sensa. Njia ya kumnyamazisha Mmbea alikuwa ameshawaonyesha yeye mwenyewe, na habari ilikuwa imeshaenea. Akiondoka na pampu isipopona upesi, kuna mtu ataichukua bisibisi. Pampu itawashwa hivyo hivyo, ikivuja, na watu wako miguu mitupu.

Aliliweka begi chini. Akampigia mkewe.

"Mama Monica."

Dominika aliijua sauti ile. "Huji," alisema.

"Pampu inavuja kweli. Nikiondoka, wataiwasha hivyo hivyo."

Alisikia kuku wake mwenyewe wakilia kule Mkuu. Dominika alisema haya, atamweleza mtoto. Leodegar alikataa, akaomba apewe Monica azungumze naye mwenyewe.

"Imeharibika sana, baba?" aliuliza Monica.

"Kidogo. Ila ikiachwa itaumiza watu."

"Haya," alisema mtoto kwa sauti ndogo, akamrudishia mama yake simu.

Leodegar alizunguka nyuma ya nyumba ya pampu akalia. Hakujikaza. Alilia kama mtu aliyefiwa, na alipomaliza aliosha uso mferejini, akarudi kumsaidia Shani kufungua boliti.

Jumapili asubuhi, Shani akiwa ameleta sili mpya, walifanya kazi. Kufuli lilikuwa kwenye swichi na ufunguo mfukoni mwa Leodegar. Waliivuta mota, wakaitoa sili ya zamani. Uso wa sili hiyo ulikuwa na mchirizi uliochimbwa na mchanga wa mtoni. Leodegar alishika spana, lakini mawazo yake yalikuwa kanisani. Aliwaona watoto kwenye mstari na nguo zao nyeupe. Alimtafuta Monica katika mstari huo, akawa hajui sasa ana urefu gani. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Jua lilipoanza kuegemea magharibi, maji yaliufikia mfereji wa Maulida. Trei ilikuwa kavu.

Shani hakuondoka. Aliwakusanya Leodegar, Mzee Fikirini na Maulida, akawafundisha kupima sensa. Wafanye mara moja kwa wiki, siku ya mkutano wa kikundi, kwa kikombe cha maji safi. Honi ikilia siku nyingine yoyote, jambo la kwanza ni kuiamini. Wasiguse kabati kwa mikono iliyolowa. Watazame maji yanatoka wapi. Wakiona tone kwenye shafti, wazime swichi kuu, wafunge kufuli na wamwite fundi. Wasipoona maji na honi bado inalia, wamwite fundi vile vile. Waya hauchomolewi kamwe. Na sakafu ifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa, bila kunyunyiza.

Maulida alipima wa kwanza. Honi ilimshtua mpaka kikombe kikamponyoka, watu wakacheka. Mara ya pili hakushtuka. Mzee Fikirini naye alipima, akajishangaa kuona hakutoka nje.

Wiki hiyo ilipita bila honi ya uongo. Leodegar alikaa mchana mzima bila kukimbia, na mwanzoni alihangaika hajui aweke wapi mikono yake. Ijumaa, Mzee Fikirini alimjia.

"Mangi, nenda kwenu," alisema. "Mimi na Maulida tupo."

Alifika Mkuu Jumamosi alasiri. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mibuni. Dominika alimpokea begi, akamshika mkono. Leodegar alimwambia kwamba amemkumbuka kila siku. Dominika alisema anajua, akageuza uso.

Monica alisimama kwenye kizingiti. "Shikamoo baba," alisema, lakini hakumsogelea. Alikuwa amerefuka. Walikula mtori. Leodegar alimuuliza habari za Komunyo. Monica alijibu kwamba ilikuwa nzuri, akaendelea kula. Leodegar hakumlaumu. Chakula alichokuwa akikitamani miezi yote hakukimaliza.

Jumapili asubuhi simu yake iliita. Alikuwa Mzee Fikirini. Wamepima sensa, alisema, yeye na Maulida. Honi imelia, taa imewaka, pampu imesimama. Wamefuta, wamewasha, trei ni kavu. Alikuwa na furaha mno hata akasahau kusalimia.

Walipotoka kwenda kanisani, Monica alikuwa amevaa tena gauni lake jeupe. Watoto wengine wote walivaa nguo zao za kawaida, wakawa wanamgeukia. Leodegar alitaka kuuliza kwa nini. Dominika alimtazama kwa jicho la kumwambia anyamaze.

Wakati wa Komunyo ulipofika, watu walianza kuinuka. Monica hakuinuka. Aliutia mkono wake mdogo ndani ya mkono wa baba yake uliokuwa bado na weusi wa grisi kwenye kucha.

"Ya kwanza nilipokea na mama," alimnong'oneza. "Ya pili nilikuwekea wewe."